Kupima maji taka shuleni: kabla ya chooni, tuanze kisimani

Agosti 2020, Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, kilichota maji taka ya bweni lake moja, Likins Hall, kikakuta virusi vya Uviko-19. Wakazi na wafanyakazi 311 wakapimwa. Waliopatikana na maambukizi ni wanafunzi wawili tu, wote hawana dalili, wakatengwa mara moja. Wanaotaka shule zetu zipime maji taka ili kunasa ugonjwa mapema hupenda kuutaja mfano huo, na wana haki: sampuli moja inasemea watu mia tatu, tena hakuna anayeingizwa kijiti puani bila sababu.

Ila bweni si shule ya kutwa. Anayelala pale hujisaidia palepale. Mtoto wa darasa la tatu hubana haja kubwa mpaka afike nyumbani, na aliyewahi kuvitumia vyoo vya shule anajua kwa nini. Majaribio ya shule za msingi za San Diego, Marekani, yalionyesha hivyo: maji taka yalinasa takriban thuluthi mbili ya maambukizi, na asilimia 93 ilifikiwa baada ya kujumlisha sampuli zilizopanguswa madarasani. Isitoshe, aliyepona anaweza kuendelea kutoa mabaki ya virusi kinyesini kwa wiki kadhaa, shule ikataharuki kwa ugonjwa uliokwisha kupita.

Kwetu Kenya kipimo hiki si kigeni. Mwaka 2018 kirusi cha polio kilichotokana na chanjo kilinaswa kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi, na kampeni ya chanjo ikafuata. Lakini Eastleigh ina mabomba ya maji taka. Shule zetu nyingi zina vyoo vya shimo, na shimoni kinyesi cha leo kimechanganyika na cha muhula uliopita. Ukichota humo, unapima ya lini?

Halafu kuna Mukumu Girls, Kakamega. Aprili 2023 shule hiyo ya bweni ilifungwa baada ya wasichana wengi kuugua na baadhi kufariki; maabara zikakuta bakteria wa E. koli na salmonela. Pale kilichohitaji kupimwa mapema ni maji ya kunywa na chakula.

Arizona walikuwa na vipimo 311 na vyumba vya kutenga wagonjwa. Mwalimu mkuu wetu akipigiwa simu na maabara, atafanya nini zaidi ya kufunga shule? Bajeti ingekuwa mikononi mwangu, ningepima maji taka kwenye bomba kuu la mji, na shuleni ningeanza na kisima.