Watu wa Mantiki na Mchango wa Umbo la Shemeji

Nimekwisha kuchangia harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, mahafali ya watoto wa chekechea waliovalishwa majoho marefu kuliko ya maprofesa, na hata ile shughuli inayoitwa kuvunja kamati, ambamo watu hupongezana kwa kula fedha iliyobaki walipokuwa wakila. Sikulalamika, au nililalamika kwa sauti ambayo haikuvuka mlango wa chumbani. Sasa, hata hivyo, imeundwa kamati yenye mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp, ya kumchangia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aende Istanbul akaongezewe makalio, na kadi niliyoletewa imeandikwa kwa wino wa dhahabu “Baba Zuhura na Familia”, huku mstari wa kiasi ukiwa umeachwa wazi ili nijaze mwenyewe kwa hiari yangu, hiari ambayo kiwango chake cha chini kimechapwa hapo hapo chini ya mstari.

Katika kutafuta namna ya kukataa bila kuitwa bahili, nilikimbilia angani. Mwanangu wa kidato cha nne, ambaye hutumia bando langu kutazama filamu za viumbe wa sayari nyingine wakati kemia ikimsubiri, alikwisha kunisimulia habari za jamii inayoendesha kila jambo kwa mantiki tupu: hawacheki, hawalii, hawaoni haya, na hawanunui kitu kwa sababu jirani anacho. Nikaona hao ndio mashahidi wangu. Nikatangaza wakati wa chakula cha usiku kwamba watu waliostaarabika kiasi hicho wasingetoa hata senti moja kwa ajili ya upasuaji wa urembo, kwa kuwa pua kazi yake ni kupumua na makalio kazi yake ni kukalia, na vyote viwili vya shemeji vimekuwa vikifanya kazi tangu alipozaliwa bila kupelekwa gereji.

“Baba,” mwanangu akasema kwa adabu ile inayotangulia ukaidi, “na masikio je?”

Hapo ndipo niliposomewa kutoka kwenye simu habari za Jacques Joseph, daktari wa Berlin ambaye mwaka 1896 alimpasua mtoto mwenye masikio yaliyochomoza mno, ambaye wenzake shuleni walikuwa wamemfanya kichekesho. Masikio yale yalisikia vizuri. Hayakuwa na usaha wala maumivu. Wakubwa wa kliniki walimfukuza daktari kazi kwa kupasua kiungo kizima, uamuzi ambao mimi ningeuunga mkono kwa mikono yote miwili. Lakini kijana wangu alinitaka nifikiri kama watu wa mantiki, niliowaita mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa machoni mwa wanafunzi, naam, ila wanafunzi walikuwa wengi na masikio yalikuwa mawili. Kuwatengeneza wanafunzi wote wa shule wawe waungwana ni kazi ya vizazi, na kushona masikio mawili ni kazi ya asubuhi moja. Mantiki haiulizi nani mwenye kosa, akasema. Inauliza njia ipi ina gharama ndogo. Miaka miwili baadaye daktari yule yule alipunguza pua ya kijana aliyechoka kukodolewa macho, na tangu hapo jina lake likapanda.

Nilijaribu kujihami kwa kutenganisha kurekebisha na kujiremba. Nilisema kwamba nafahamu habari za Harold Gillies, daktari mpasuaji aliyezaliwa New Zealand na ambaye, pamoja na wenzake, aliwatibu askari zaidi ya 5,000 waliojeruhiwa uso katika Vita vya Kwanza vya Dunia, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Hao nawakubali, na watu wa mantiki wangewakubali pia, kwa sababu mtu asiye na taya hawezi kutafuna ugali. Mke wangu, ambaye hukaa kimya wakati wa hoja ili aingie wakati wa hukumu, akauliza kama ni kweli, kama mwanaye alivyomsomea, kwamba barabarani huko Sidcup baadhi ya mabenchi yalipakwa rangi ya buluu ili wapita njia wajiandae kabla ya kumwona aliyeketi. Nikajibu kwamba ni kweli. “Basi walikuwa wakitibiwa kutafuna, au walikuwa wakitibiwa kutazamwa?” Nikaomba chumvi, ingawa mchuzi ulikuwa umekolea.

Nataka ieleweke kwamba sikushindwa. Piko ninayopaka ndevuni, ambayo ilitajwa muda huo huo na mtu aliyetaka kuniaibisha, si urembo. Ni kumbukumbu ya ndevu jinsi zilivyokuwa, na kuhifadhi kumbukumbu ni wajibu wa kila raia. Nilikuwa na hoja nzito zaidi, na bado ninayo. Mtu mmoja akisimama katika Uwanja wa Mkapa ili aone goli vizuri, aliye nyuma yake naye atasimama, na wa nyuma ya huyo, hadi jukwaa zima litakuwa limesimama, kila mtu akiona kile kile alichokiona alipokuwa ameketi, tofauti pekee ikiwa ni maumivu ya miguu. Ndivyo ilivyo kwa makalio. Shemeji akiongeza, wifi yake ataongeza, na wa ghorofa ya pili ataongeza, mpaka mtaa mzima utarudi kwenye usawa ule ule, isipokuwa kwamba daladala zitakuwa zimepoteza siti moja kila safu. Watu wa mantiki wangeliona jambo hili kabla ya mtu wa kwanza kuinuka, nao wangekubaliana wote wabaki wameketi.

Mke wangu alikiri kwamba hoja hiyo ina maana, kisha akaitumia dhidi yangu, kwa kuwa watu wasioona haya na wasiosema uongo wanaweza kweli kukubaliana kubaki wameketi, lakini sisi tunaishi Dar es Salaam. Tena akanikumbusha bibi yake, Mmakonde wa Newala, aliyevaa ndonya katika mdomo wa juu tangu usichana na aliyechanjwa nembo usoni kwa kisu na masizi bila ganzi wala kamati, na ambaye hakuwahi kudhani kwamba anajiremba tu: alikuwa akitangaza ni mtu wa kwao, amekuwa mtu mzima na amestahimili. Watu wa mantiki, akasema, wangeithamini alama inayosomeka kutoka mbali na isiyoweza kughushiwa kwa urahisi. Nilipouliza makalio ya Istanbul yanatangaza ni ya kabila gani, nilijibiwa kwamba nile.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni kwamba, kadiri ninavyowafikiria watu hao wasio na hisia, ndivyo ninavyoona kwamba wangekuwa wateja wakubwa wa kliniki hizo, na kwa huduma ambayo sikuitarajia. Ipo sindano ya Botox, sumu ya bakteria wale wale wanaoua watu kwa vyakula vya makopo vilivyoharibika, ambayo mwaka 2002 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kulainisha mikunjo iliyo kati ya nyusi. Inafanya kazi kwa kuzuia neva isiutumie msuli ujumbe, kwa hiyo msuli unalala kwa miezi mitatu au minne. Wanawake wa mjini wanachomwa wasionekane wazee. Watu wa mantiki wangechomwa wasionekane chochote. Jamii ambayo heshima yake yote inategemea uso usiosema kitu ingelipia sindano hiyo kutoka hazina ya taifa, ingewachoma mabalozi kabla ya mazungumzo na mahakimu kabla ya hukumu, na wala isingeiita urembo. Mimi mwenyewe ningeomba dozi moja ndogo, ya paji la uso tu, kwa ajili ya siku ambazo watu huja kuniletea kadi, maana paji langu hutangaza salio langu kabla sijafungua kinywa.

Penye hatari ndipo nilipopata upenyo. Mafuta yanayotolewa tumboni na kusukumwa makalioni yakiingia ndani ya msuli na kukuta mshipa mkubwa wa damu, husafiri hadi kwenye mapafu, na mtu hufa kwa ajili ya kitu alichotaka kukalia. Jopo la madaktari lilipochunguza vifo hivyo mwaka 2017 lilikadiria kifo takriban kimoja kwa kila wagonjwa 3,000, kiwango kikubwa mno kwa operesheni isiyo ya lazima, na mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kuifanya kwa wakati huo. Nilisoma hayo polepole, bila utani, na safari hii hakuna aliyeniambia nile. Hesabu ya namna hiyo haihitaji mtu wa sayari nyingine. Shemeji mwenyewe alipopigiwa simu alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akinyamaza, kisha akasema basi, makalio yaachwe.

Nilidhani kamati ingevunjwa. Nilisahau kwamba vitenge vya sare vilikuwa vimekwisha kununuliwa na ukumbi umewekewa arubuni. Kamati ilikutana kwa dharura na kuhamisha fedha kutoka fungu la makalio kwenda fungu la pua, na kadi mpya ikachapwa, kiwango cha chini kikiwa kile kile, ingawa pua ni ndogo kuliko makalio kwa kipimo chochote cha mantiki.

Nikatoa hoja yangu ya mwisho kwa utulivu wa kiumbe asiye na damu. Nilisema kwamba mwenye pua haioni pua yake. Akitaka kuiona vizuri ni mpaka afumbe jicho moja, na hapo huona ubavu wake tu. Kwa kuwa faida yote ya pua nzuri inakwenda kwa watazamaji, mantiki inadai kwamba watazamaji ndio walipe, na mtazamaji mkuu ni mume wake. Mke wangu, ambaye kumbe ndiye mweka hazina, alichukua kalamu. Alikubali kanuni hiyo yote bila kupunguza neno, akaitumia kwa uadilifu uliopita kiasi: mume wa shemeji ni dereva wa malori ya Tunduma na hulala nyumbani mara chache, ilhali shemeji hula kwetu kila Jumapili, akiwa ameketi mbele yangu, tangu saa sita mchana hadi taarifa ya habari. Alizidisha saa kwa wiki, akagawanya, akanionyesha jibu. Nimewasilisha ombi rasmi la punguzo kwa maandishi, nikiambatisha cheti cha daktari wa macho, kwa hoja kwamba mimi hula nikiwa nimevua miwani.