Mifupa haitaki kukaa bure

Mwandishi wa ile makala ya safari za anga ametaja kwamba mwanaanga akiwa angani hupoteza kama asilimia 1 ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi, kisha akapita. Hapo ndipo penye utamu! Mfupa hujengwa kwa kubebeshwa mzigo. Huko juu mwili hauelemewi na kitu, basi unaanza kuubomoa mfupa. Kalisi, madini yanayoimarisha mifupa, inamwagika kwenye damu, inatoka na mkojo, na mawe ya figo yanakuwa hatari nyingine. Ndiyo maana wanaanga wanafanya mazoezi kama saa 2 kila siku, wakikimbia huku wamefungwa mikanda ya kuwavuta chini.

Mimi nilianguka mnazi, nikatiwa plasta wiki sita. Ilipokatwa, paja lilikuwa limenywea, ngozi inaning'inia kama soksi ya babu. Wiki sita tu, tena niko papa hapa Malindi!

Na mbona mwandishi hakuitaja Ngomeni, hapa karibu na Malindi? Ile mitambo ya Waitaliano baharini ndiko ilikorushwa setilaiti iitwayo Uhuru, 12 Desemba 1970, ikapima mionzi ya eksirei kutoka angani. Wavuvi wetu wanaipita kila uchao, habari za anga tunaletewa kutoka Marekani.