Niachieni kanzu yangu

Mwezi wa nne hapa Winnipeg, Kanada, theluji bado haijaisha kando ya barabara, lakini ukipita mitaani utaona shuka nyeupe zimetundikwa vibarazani na watu wazima wanakwenda kazini na fulana nyeupe juu ya makoti. Ukiona hivyo, ujue Jets, timu yetu ya hoki ya barafu, wameingia mtoano. Mimi nami naitoa kanzu yangu ya Iddi sandukuni, naipiga pasi na kuitundika nyuma ya mlango. Kila mechi ya nyumbani, naivaa.

Mwaka 2025 ndugu yangu mmoja wa hapa mjini, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba mambo haya ya kuvaa nguo fulani ili timu ishinde ni ushirikina, na kwamba Mwislamu mzima sistahili. Neno lake lilinikaa moyoni. Nimelifikiria, na sikubaliani naye.

Kwanza muelewe mtoano wa hoki ya barafu ulivyo. Timu 16, raundi nne, na kila raundi anasonga mbele anayetangulia kushinda mechi nne. Anayelitaka Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi, lazima ashinde mara 16, kwa muda wa karibu miezi miwili, kila baada ya siku moja au mbili. Mchezaji ana gongo mkononi na barafu chini ya miguu. Shabiki ana nini? Ana kiti na roho inayomdunda. Mtu hawezi kukaa bure miezi miwili huku anachokipenda kinapiganiwa, kwa hiyo anajitafutia kazi.

Wachezaji wenyewe ndio walioanza kuacha ndevu. Inasemwa ni New York Islanders, waliolitwaa kombe mara nne mfululizo kuanzia 1980 hadi 1983, na leo fundi bomba na karani wa benki hawagusi wembe mpaka timu yao itolewe. Kuna mwiko mwingine: timu ikishinda fainali ya ukanda wake hupewa kikombe, na manahodha wengi hawakigusi, wasije wakajiletea nuksi kabla ya fainali kuu. Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh, hakukigusa mwaka 2008, akafungwa na Detroit kwenye fainali kuu. Mwaka 2009 akakibeba, akawafunga Detroit hao hao. Alex Ovechkin, nahodha wa Washington, naye alikibeba 2018 na kombe kubwa akalichukua.

Basi mwiko huo umevunjwa mchana kweupe na watu wakashinda, na bado unafuatwa. Hapo ndipo ninapoachana na ndugu yangu. Nyumbani Tanzania ushirikina wa mpira tunaujua. Timu inakwepa mlango rasmi na kuruka ukuta mpaka inapigwa faini, na “kamati ya ufundi” ina bajeti yake. Pale kuna mganga anayelipwa, na kuna mtu anayekusudiwa kudhuriwa. Yule jirani yangu mwenye ndevu hamlipi mtu wala hamrogi mtu. Ukimwuliza kama ndevu zake zinafunga mabao atakwambia hapana, na atakwambia hivyo hivyo hatazinyoa.

Kuna moja lakini linaniuma. Tarehe 15 Aprili 1952, ndugu wawili wauza samaki walimrusha pweza uwanjani Detroit. Wakati huo kombe lilihitaji ushindi mara nane, na pweza ana mikono minane. Usiku huo Red Wings, timu ya Detroit, wakatimiza ushindi wa mechi zote nane bila kufungwa hata moja, na tangu hapo pweza wanarushwa. Hesabu yao nzuri, siikatai. Lakini mimi nimekulia Tanga. Pweza namjua akipigwa juu ya mwamba mpaka alainike, namjua jioni kwenye supu yenye ndimu na pilipili, na namjua mvuvi aliyeinama maji yakipwa akimchokoa shimoni. Kumwona mzima ametua kwenye barafu, mtu anamwokota na kumzungusha juu ya kichwa huku umati ukishangilia, kunanitia uchungu. Bora wale wa Florida na panya wao wa plastiki. Mwaka 1995 mchezaji wao Scott Mellanby aliua panya kwa gongo lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatoka akafunga mabao mawili, na msimu ule mashabiki wakamwaga panya wa bandia uwanjani kwa maelfu. Angalau hakuna riziki iliyopotea.

Weupe wa Winnipeg ulianza 1987. Jets walikutana na Calgary, ambao mashabiki wao hujaa uwanjani na nyekundu, na huku watu wakaombwa wavae nyeupe. Mwaka 1996 timu ikahamishiwa Phoenix. Miaka 15 mji ulikaa bila timu yake, na ulipopata timu nyingine yenye jina lile lile 2011 watu walikuwa bado wanazo nguo zao nyeupe. Mpaka leo wimbo wa taifa ukifika penye maneno “True North” uwanja mzima hupaza sauti, kwa kuwa ndilo jina la kampuni iliyoileta timu hiyo. Mara ya kwanza nilipokwenda na kanzu kwenye sherehe ya barabarani nje ya uwanja, nilidhani nitatazamwa kama mgeni. Mama mmoja mzee, amejifunga shuka nyeupe begani kama mgolole, alinishika mkono akanivuta mbele ili nione skrini. Tangu siku hiyo mji huu ni wangu.

Tarehe 4 Mei 2025 ilikuwa mechi ya saba dhidi ya St. Louis. Tulikuwa nyuma 3-1, zimebaki dakika mbili. Binti yangu alikuwa anatoka jikoni na chupa ya chai, mguu mmoja kwenye vigae, mwingine kwenye zulia, tukafunga la pili. Mama yake akapiga kelele: “Simama hapo hapo!” Mtoto akaganda mlangoni, chupa kifuani. Zikiwa zimebaki sekunde 1.6, Cole Perfetti akasawazisha. Mapumziko ya kabla ya dakika za nyongeza yakaangukia Magharibi, nikaswali. Sikuomba bao. Dua ina mambo yake. Nilipomaliza nilirudi kukaa pale pale, na binti yangu akarudi mlangoni bila kuambiwa, akasimama mpaka nahodha Adam Lowry alipofunga katika nyongeza ya pili. Siku akiwa mtu mzima atasahau matokeo, lakini mlango ule hatausahau.

Raundi ya pili tukatolewa na Dallas, tarehe 17 Mei, mechi ya sita, ugenini. Usiku wa kuamkia siku ile mchezaji wetu Mark Scheifele alifiwa na baba yake. Akacheza. Akafunga bao letu pekee. Kisha, sekunde chache kabla ya muda wa kawaida kwisha, akamwangusha mpinzani aliyekuwa anakwenda kufunga, akapewa adhabu ya kukaa nje dakika mbili, timu ikabaki pungufu, na Dallas wakafunga bao la kumaliza mechi katika nyongeza yeye akiwa bado amekaa kwenye kiboksi cha adhabu. Wenzake walimwendea wote, wakamzunguka. Kwenye mstari wa kupeana mikono, wachezaji wa Dallas walimkumbatia mmoja mmoja.

Kwa kuwa ilikuwa ugenini, kanzu ilikuwa nyuma ya mlango. Nikaenda nikaivaa, nikarudi kukaa mbele ya televisheni mpaka walipozima taa za uwanja. Kwetu kanzu ni nguo ya Iddi, na ni nguo ya msibani.