Wembe wa Babu na Nusu ya Ndevu Zangu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja mwenye bodaboda hapa Kondele, Kisumu, aliyeshuhudia robo tu ya mambo akiwa langoni, amekwisha kuwatangazia watu kwamba nilijikata, nikazimia na kubebwa mzobemzobe hadi hospitali, naona heri niwasimulie mwenyewe. Sikukatwa hata kidogo. Laiti ningekatwa, kwa sababu jeraha huelezeka.

Wembe wenyewe ni ule wa kukunja, wenye chapa ya Sheffield kwenye shina lake, ambao babu alirudi nao kutoka vita vya Burma alikokuwa na kikosi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Ulipofika mikononi mwangu, mpini wake wa seluloidi, ile plastiki ya kizamani, ulikuwa umepasuka na kubadilika rangi. Na seluloidi inayooza hutoa mvuke wa asidi unaokitia chuma kutu, kwa hiyo kuuacha mpini ule kungekuwa kuua wembe wote. Nikazitoboa riveti za zamani kwa keekee, nikasugua kutu kwa msasa laini wenye mafuta, nikanoa kwenye jiwe la namba 1000 na kumalizia kwenye la 8000, lililo laini zaidi, kisha nikaupitisha wembe kwenye mshipi wa ngozi wa baba, ambao hadi leo anautafuta. (Mnaomfahamu baba, tafadhali nyamazeni.)

Vibao vipya vya mpini nilivikata kutoka pembe ya ng'ombe niliyoipata kwa muuza nyama wa Kibuye. Pembe haizaliwi ikiwa bapa: huchemshwa hadi ilainike, ikabanwa kwenye jiriwa, kisha ikaachwa ikauke kwa majuma kadhaa, la sivyo ikikutana tena na maji ya moto hukumbuka umbo lake la kichwani. Hayo niliyajua vizuri. Ila mahari ilikuwa ipelekwe Bungoma Jumamosi, na baba mkubwa alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba mjukuu atanyoa kwa wembe wa babu yake, kwa hiyo pembe yangu ilikauka kwa muda ule iliyoupata. Nikapitisha waya wa shaba wa milimita 1.6, nikagonga ncha zake kwa nyundo ndogo mpaka zikatanuka juu ya washa (viduara vyenye tundu katikati), na wembe ukafunguka na kufungika kwa ulaini niliouchukulia video na kuwatumia nyote.

Sasa nifuateni polepole. Ni asubuhi, wazee wameketi uani kwenye viti vya plastiki, macho yote kwangu. Nikanyoa upande wa kulia: shavu, taya, nusu ya masharubu, safi kiasi kwamba shangazi alipiga kigelegele. Hapo nikataka kuonyesha utaalamu. Nikaukunja wembe, nikautumbukiza mzimamzima katika kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka ili chuma kipate joto, huku nikiwaelezea wazee habari za Sheffield. Hotuba ilikuwa ndefu.

Nikautoa. Nikaweka kidole gumba kwenye kikia kinachochomoza nyuma, nikainua. Haukuinuka. Nikatabasamu. Nikakifuta kidole kwenye kaptula, nikainua tena. Ndipo nilipovitazama vile vibao viwili: vilikuwa vimejikunja kwa ndani, vikaukumbatia wembe kama mama aliyerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni. Povu la upande wa kushoto likaanza kukauka na kuniwasha. Mzee mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, kama hiyo ndiyo hatua ya pili. Nikavuta kwa nguvu, na baba mkubwa akapaza sauti, "Wacha, mwanangu! Hatupeleki mahari na vidole tisa!"

Nikaomba wembe wa dukani. Akakataa katakata, akasema kwamba uso ulioanzwa na chuma cha babu hauwezi kumalizwa na kijembe cha kibandani. Dereva akapiga honi.

Mengine ni mafupi. Nilisafiri nikiwa na leso ya shangazi shavuni, mahari ikapokelewa, na mzee wa huko aliponiuliza uso wangu una nini, baba mkubwa, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani, akaeleza kwamba kwetu ziwani bwana harusi hunyoa nusu anapoanza kulipa mahari na nusu anapomaliza. Wakashangilia. Mama mkwe akanisifu kuwa kijana wa mila. Mchumba wangu alitazama chini muda wote, mabega yakimtikisika.

Fundi mmoja wa jua kali aliuchemsha mpini tena, akapenyeza kijiti chembamba kati ya vibao, na wembe ukafunguka bila mkwaruzo. Unakata vizuri mno. Uko hapa mezani ninapoandika, lakini siruhusiwi kuugusa, kwa maana shemeji zangu hunipigia simu ya video kila jioni kulikagua shavu la kushoto, na ng'ombe wawili wa mwisho bado wananona kwa baba mkubwa, ambaye anasema hana haraka yoyote.