Mwili wa marehemu umewasili. Marehemu mwenyewe yuko wapi?

Nina steshenari hapa Dodoma mjini, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kopi ambayo joto likizidi inatafuna karatasi. Watu wanadhani tunaishi kwa CV na fomu za mikopo ya wanafunzi. Tunaishi kwa misiba. Ratiba ya mazishi, wasifu wa marehemu, kadi za shukrani. Mtu anakusubiri mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, macho mekundu, mkononi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, anataka nakala sitini kabla mwili haujatoka mochwari.

Kwenye kompyuta nina faili linaloitwa WASIFU MPYA. Kuzaliwa, elimu, ndoa, utumishi, kuugua, watoto na wajukuu: kote humo nimeacha nafasi za kujaza. Sentensi ya mwisho tu ndiyo niliyoiacha ikae moja kwa moja: "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina." Kwangu ilikuwa kama nukta. Redioni wanaisema, kwenye magrupu ya WhatsApp wanaibandika bila hata kusoma aliyekufa ni nani.

Halafu nikaichapia familia moja ya Wasabato. Mzee wao, mtu mpole, alisoma nakala ya kwanza mpaka chini, akavua miwani. "Kijana, hapa umetuandikia uongo." Akanieleza taratibu kwamba ndugu yake hajaenda peponi. Amelala, hajui lolote, na ataamshwa Bwana akirudi. Nakala sitini nikawashia jiko, na elfu sita yangu ikaenda nazo. Hasira zilikwisha kabla ya mchana. Swali bado ninalo.

Chukua tangazo lolote la msiba. "Mwili wa marehemu utawasili saa nne asubuhi." Mwili wa marehemu, kama unavyosema shamba la fulani au baiskeli ya fulani. Mwenye mali yuko pembeni, mali yake ndiyo inayosafirishwa. Kwa sentensi hiyo tumeshakubali kwamba mtu si mwili. Jioni ya siku hiyohiyo mtu anapiga simu Mwanza: "Tumeshamzika." Hasemi tumeuzika mwili wake. Tumemzika yeye. Asubuhi marehemu ana mwili, jioni marehemu ni mwili, na msemaji ni yuleyule, hajabadili dini njiani.

Neno lenyewe roho tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko ni ndugu wa neno la upepo, kama nafsi ilivyo ndugu wa pumzi. Kiebrania nacho hivyohivyo. Sisi tukaongeza yetu: tunasema mtu kakabwa roho, tukimaanisha koo. Halafu tukaligeuza kuwa neno la tabia. Huyu ana roho nzuri, yule ana roho ya korosho, jirani ana roho ya kwa nini, na mgonjwa aliyekatiwa tamaa mara tatu akanyanyuka ana roho ya paka. Miaka yote niliyokaa mtaani sijasikia mtu akiuliza kama jirani yake ana roho. Anauliza ana roho gani.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi mwezi wa nane, wakati ule upepo wa Dodoma unapoamua kuhamisha vumbi lote la Chamwino. Kijiji chake kipo njia ya Mvumi, nchi ya Waanglikana tangu enzi za CMS, shirika lao la wamisionari, na yeye alibatizwa humo. Watoto wake walitawanyika. Mjomba ni Msabato. Mama mkubwa aliolewa na Mkatoliki, akahamia huko. Mama mdogo ameolewa na Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano. Ukoo wetu ungewapa tabu makarani wa sensa kama sensa ingekuwa bado inauliza dini. Mara ya mwisho iliuliza mwaka 1967. Binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo, ni muuguzi, haendi popote siku yoyote ya wiki, na baba yake ameshachoka kumwombea.

Usiku wa kuamkia mazishi nilikaa chini ya turubai, kompyuta mapajani, upepo unavuta kamba mpaka vigingi vinalia. Wasifu ulikuwa umekamilika isipokuwa pale mwisho. Nikafanya kosa la kuuliza: tuandikeje?

Mjomba alikuwa na jibu tayari. Mwanzo, sura ya pili, aya ya saba: Mungu akampulizia puani pumzi ya uhai, "mtu akawa nafsi hai". Akagonga goti. "Akawa, siyo akapewa. Wewe unachapa maneno kila siku, hujaona tofauti?" Kwa mjomba mtu hana nafsi ndani yake kama kiini ndani ya yai. Mavumbi ukichanganya na pumzi unapata nafsi. Pumzi ikiondoka, nafsi haipo mpaka parapanda. Mama mkubwa akamjibu kwa Mhubiri kumi na mbili: mavumbi yanarudi ardhini, roho inamrudia Mungu aliyeitoa. Mjomba akasema roho hiyo ndiyo pumzi. Mama mkubwa akasema yeye tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, atampelekea mama yake nia ya misa, apende asipende.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema Mtume aliulizwa swali hilihili, na jibu lipo katika sura ya Bani Israil: roho ni jambo la Mola wangu, na elimu mliyopewa ni kidogo tu. Basi. Lakini huku kusitasita kwa Waislamu kuna mipaka iliyo wazi kuliko yetu. Katika hadithi mashuhuri, roho inapulizwa mimba ikitimiza siku 120, na kutokana na hapo baadhi ya wanazuoni wanasema aliyetoka baada ya muda huo anaoshwa, anaswaliwa, anapewa jina. Na anayepita makaburini anawatolea salamu waliolala humo. Hutoi salamu kwa udongo.

Binamu akasema: andika alizaliwa, akafa.

Nilitegemea mstari wa ugomvi upite kati yake na wengine wote. Haukupita hapo. Kwa habari ya bibi usiku ule, akiwa ndani ya sanduku mita kumi kutoka tulipokaa, mjomba na mwanawe walikuwa na kauli moja: hasikii, hajui, haumii, haoni tunavyobishana. Wanaachana kwenye asubuhi ya ufufuo tu. Upande wa pili wamekaa mama mkubwa na misa yake, baba mdogo na salamu zake, na wazee wetu wa Kigogo waliomwaga pombe kaburini kabla hajaja mmisionari yeyote. Hawa wote wanaamini waliokufa bado wanafikika. Pale Mongomi wa Kolo, huko Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, mpaka leo wapo wanaopanda na sadaka kuomba mvua na uponyaji, na baba mdogo anatania kwamba Ijumaa baadhi yao utawakuta safu ya mbele.

Na sisi Waanglikana? Kila Jumapili tunakariri Imani ya Mitume, na humo tunakiri ufufuo wa mwili. Mwili! Roho anayetajwa mle ni Mtakatifu. Roho ya binadamu haina hata mstari. Nilipolisema hilo chini ya turubai, mjomba alicheka kwa furaha mpaka nikajuta.

Ndiyo maana nachoka na watu wanaofanya swali hili kuwa kipimo cha nani anamjua Mungu. Niliwahi kukaa kwenye msiba wa mlevi mmoja mzuri sana, mtu aliyejaa utani, halafu mhubiri akasimama mbele ya sanduku akatuambia kwamba alikokwenda tunakujua. Mama yake alikuwa kwenye mkeka wa mbele. Ukitaka kushindana kuhusu roho, shindana na mimi, nipo hai, nina kiti.

Binamu alitupa kisa cha daktari Mmarekani, Duncan MacDougall, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907. Aliweka kitanda juu ya mizani kubwa, akawapima watu sita wakikata roho. Mmoja alipungua kama gramu 21, na ile 21 ndiyo iliyozunguka dunia. Wengine watano hawakulingana naye, vipimo vingine aliviacha mwenyewe. Akapima na mbwa kumi na watano, hakuna aliyepungua, akaona ni ushahidi kwamba mbwa hana roho. Mizani hiyo hata muuza karanga wa Majengo asingeiamini. Ila mimi kinachonishangaza ni kwamba alidhani roho ikiwepo lazima iwe na uzito, kama furushi. Moyo nao tulidhani ndimo mtu anamokaa. Tunapenda kwa moyo, tunaumia moyoni. Halafu mwaka 1967 kule Cape Town, daktari Christiaan Barnard akatoa moyo wa Denise Darvall akampandikizia Louis Washkansky. Washkansky aliishi siku 18, na muda wote huo alikuwa Washkansky.

Lakini kilichonitikisa mimi hakikutoka Marekani wala Cape Town. Kilitoka kitandani kwa bibi. Kiharusi kilimpata miaka miwili kabla ya kifo. Mkono wa kulia ukalala, na baada ya wiki chache likaja jingine. Yule bibi ambaye kijiji kizima kilimjua kwa roho nzuri, aliyekuwa akibakiza ugali wa uwele kwa ajili ya mpita njia asiyemjua, akaanza kutukana. Matusi mazito, mengine sikujua kama anayajua. Alimrushia mama kikombe. Kama wema wake ulikaa rohoni, na roho haiguswi na damu wala mishipa, damu iliyoganda kichwani iliufikiaje? Wakati ule nilikuwa tayari kukaa upande wa binamu kabisa.

Halafu kuna asubuhi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, alikuwa akinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima na kusema, kwa shida, "Si mimi, mwanangu. Si mimi." Nimelizungusha neno hilo kichwani mara nyingi kuliko andiko lolote. Aliyetukana si yeye. Basi anayeomba radhi ni nani? Mama mkubwa anasema unaona, roho ilikuwa ndani inatazama. Binamu anasema ni sehemu ya ubongo iliyokuwa bado nzima, na asubuhi mgonjwa anakuwa amepumzika. Mjomba anasema alikuwa nafsi moja iliyojeruhiwa, na nafsi iliyojeruhiwa inajua imejeruhiwa. Nikilazimishwa nichague, niko karibu zaidi na mjomba, ingawa Jumamosi hamtaniona kwake. Sidhani roho ni mpangaji anayehama nyumba ikibomoka. Bibi alikuwa mmoja tu, mwenye ugali wa uwele na mwenye kikombe, na siwezi kumgawa ili nusu yake iende mahali pema.

Sentensi ya mwisho hatukuipata. Saa sita usiku mama akasema niache, watu walale. Nikafunga wasifu kwa kile ambacho hakikuwa na mpinzani: ameacha watoto sita, wajukuu ishirini na saba, vitukuu kumi na mmoja na ng'ombe mmoja mwenye mimba.

Tulipomaliza kumzika, watu wakaanza kurudi kwenye chakula. Bibi mdogo, mdogo wake wa mwisho, Mwanglikana asiyekosa ibada, akabaki kaburini. Siku ya tatu tulipokwenda kuweka sawa udongo tukamkuta tena, amechuchumaa, anamwagia maji kidogokidogo kutoka kwenye kidumu, anampa habari kwa Kigogo kama anavyompa mtu aliyekuwa safarini. Nani alikuja, nani hakuja, nani alichelewa kusudi. Mimi, binamu na mjomba tukasimama nyuma yake na majembe yetu, tukisubiri amalize.

"Na yule ng'ombe wako amezaa," akamwambia. "Ndama jike. Amezaa juzi."

"Jana, mama mdogo," mjomba akasema. "Alizaa jana alfajiri."