Joka langu halikuokotwa Rungwe, nimelitengeneza mwenyewe

Jumamosi asubuhi naamka nakuta simu imejaa meseji, watu wananitumia picha ya joka langu mimi mwenyewe, wamelikata pembeni ili meza isionekane, na chini wameandika kwamba limeokotwa msituni Rungwe. Kwenye grupu la familia shangazi ameandika tusali. Nikamjibu, shangazi shikamoo, hilo ni la kwangu, lipo hapa Uyole juu ya kabati, ni mifupa ya mbuzi na bata na sungura. Kimya.

Nimekasirika jamani, na hapa naandika bado nina hasira.

Rafiki yangu mmoja ninayemheshimu sana ananiambia kosa ni langu, nimelifananisha mno na kitu cha kweli, ningeacha waya na gundi vionekane watu wangejua. Hapo nakataa kabisa. Mimi nimekua na hadithi za joka la vichwa saba, bibi alikuwa anatuhadithia jikoni tukiota moto, na kila siku nilikuwa najiuliza hizo shingo saba zinashikia wapi? Ndio swali lililonianzisha hii kazi. Nilitaka vichwa saba nikaishia vitatu, maana kiwiliwili ni cha mbuzi na pale juu katikati ya mabega ni pembamba, shingo ya nne haina pa kukaa. Halafu mbuzi, sungura, twiga, hata wewe unayesoma, shingo ina pingili saba tu, haiwezi kujikunja kama ya joka, ndio maana nikachukua shingo za bata kwa sababu ndege ana pingili nyingi zaidi. Ila vichwa nilivitaka vya sungura kwa ajili ya yale meno ya mbele, na hapo nilikwama wiki mbili nzima: fuvu la sungura lina vinundu viwili pale linapokalia shingo, la ndege lina kimoja tu cha mviringo. Ukibandika hivyo hivyo kwa gundi, hata mtu asiyejua chochote kuhusu mifupa akiangalia atahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nikaweka kwanza pingili mbili za sungura mwenyewe, ndipo za bata zikafuata, nazipiga msasa kidogo kidogo mpaka zikapokeana. Halafu mtu aniambie niharibu makusudi?

Na mifupa hiyo sikuichemsha, ukichemsha mafuta yanazama ndani na baadaye inakuwa ya njano na inanuka. Niliiloweka kwenye ndoo nyama ioze yenyewe, sehemu za joto ni kazi ya wiki chache ila mimi nilianza Juni, na baridi ya Mbeya mnaijua, Agosti imefika bado nasubiri. Baada ya hapo maji ya sabuni ya vyombo, unabadilisha unabadilisha mpaka mafuta yaishe, mwisho haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ya kuing'arisha. Dawa ya klorini ya kufulia usiiguse, inaula mfupa unakuwa kama chaki.

Katikati ya hayo mama mwenye nyumba akafunua ndoo akakuta mafuvu, akamwita mjumbe. Tukakaa uani karibu saa nzima nawaonyesha mfupa mmoja mmoja, huu wa buchani, huu wa kwa jamaa anayefuga sungura, wa porini hata mmoja hakuna maana hizo ni nyara za serikali. Wakaelewa. Siku hizi mama ananitunzia mifupa ya kuku.

Wala sikumlaumu. Huku kwetu mfupa kwenye ndoo sio jambo dogo, wapo wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wapo ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya viungo vyao. Pale Kalenga, Iringa, kuna fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na watu wanaingia kwa adabu. Sasa mtu aliyezaliwa huku huku, anayejua hayo yote, anachukua picha yangu anaipachika maneno ya kutisha ili grupu lake lichangamke. Kesho kijiji fulani wakianza kuulizana nani kalileta hilo zimwi, na kidole kikaelekezwa kwa bibi wa watu anayeishi peke yake, huyo aliyesambaza picha atakuwa wapi?

Kinachoniuma zaidi, maajabu ya kweli tunayo. Mwaka 2010 wanasayansi walimtangaza mamba wa kale kutoka bonde la Rukwa, ukubwa wa paka wa nyumbani, ana meno ya kutafunia kama ya mnyama anayenyonyesha, aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Wakamwita Pakasuchus kapilimai, paka ni huyu huyu paka wetu, na Kapilima ni Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2017 akaja Shingopana songwensis, dinosaria wa hapa jirani Songwe, jina lenyewe la Kiswahili. Mtoto akishadanganywa mara tatu na picha za simu, huyo dinosaria wa Songwe naye atamwamini kweli?

Kitu kimoja nakubali, ingawa sipendi kukubali: nilipost bila maelezo. Sasa nimechonga kibao nimekipigilia kwenye stendi, kinasema limetengenezwa Uyole, kwa mifupa gani, na huwezi kulipiga picha bila kibao kuingia.

Shangazi alijibu jioni. Kasema Jumapili niende nalo, watoto wanataka kuliona. Nimeshapata boksi, zile shingo nitazifunga kitambaa zisitikisike kwenye daladala.