Nyota Tatu za Saa Nne Usiku

Onyesho la kwanza nililokwenda kuhakiki kwenye tamasha la Fringe lilianza saa nne asubuhi, la mwisho saa nne usiku. Katikati nilibana mengine manne na chipsi nilizokula nimesimama. Mhariri alinipongeza. Mimi nina aibu, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeijua Fringe, tamasha la sanaa za jukwaani mjini Edinburgh, Uskoti: mwaka 1947 vikundi vinane vya maigizo vilifika mjini bila kualikwa kwenye tamasha rasmi, vikajitafutia kumbi pembeni. Hadi leo hakuna kamati inayochagua nani aingie. Ukipata ukumbi na ukaweza gharama, umo. Ndiyo maana kila Agosti maonyesho hupita 3,000, na ndiyo maana mhakiki hukimbia kama konda aliyeachwa na daladala lake.

Maonyesho mengi ni ya kama saa moja, maana chumba kimoja hupokezana vikundi kutwa: hawa wanatoka na meza yao, wale wanaingia na kitanda chao. Ukichelewa, mlango umefungwa, na kitambulisho cha mwandishi hakifungui kitu.

Siku hiyo nilitoka Summerhall, jengo lililokuwa chuo cha madaktari wa mifugo, nikawa na dakika kumi na tano za kufika barabara ya Cowgate. Simu ikasema nimefika. Kumbe nimesimama juu ya daraja la George IV, na mlango ninaoutafuta uko chini ya miguu yangu, kwenye barabara inayopita uvunguni mwa daraja! Edinburgh ina barabara za ghorofa, na ramani haikwambii. Nikashuka ngazi mbio, mvua inanipiga, nikaingia wa mwisho nikihema mpaka mwigizaji akanigeukia. Lile lilikuwa la tatu. La nne na la tano siwezi kuyasimulia bila kufungua daftari.

La sita nalikumbuka vibaya zaidi, na ndilo linaloniuma. Chumba cha mawe chenye unyevu, watazamaji saba nami nikiwamo. Mwigizaji mmoja, mwanamke, kiti na ndoo ya maji. Alikuwa akisimulia alivyomwosha mama yake nywele hospitalini. Akachovya kitambaa ndooni, akakikamua taratibu, na kimya kilikuwa kikubwa hata tone likasikika likianguka. Nakumbuka lile tone. Kisha nakumbuka makofi.

Hapo katikati nililala. Daftari ni shahidi: mwandiko unashuka ukurasa kama mchwa, halafu mstari mmoja mrefu hadi ukingoni. (Kwenye tamasha la Bagamoyo nisingeweza kusinzia, ngoma na watu wanaomjibu mwigizaji toka vitini wasingeniacha. Huku watu hukaa kama wako kanisani, na joto la makoti yaliyolowa ni blanketi tosha.)

Saa saba usiku nikaandika uhakiki, ambao huambatana na nyota, moja hadi tano. Nyota tatu. Nyota tatu ndiyo "si mbaya" unayomwambia mwenyeji ambaye chakula chake hukukionja vizuri. Lile la asubuhi nililipatia nyota nne, na nadhani lilistahili, lakini nililitazama nimetoka usingizini, chai ya moto mkononi. Nani ajuaye yule wa ndoo angepata ngapi saa nne ile nyingine?

Si jambo dogo kwake. Wasanii wengi huja kwa hela zao wenyewe. Nyota nne au tano zikitoka usiku, asubuhi utawakuta wanabana vikaratasi vya nyota kwa stepla kwenye kila kipeperushi. Nyota tatu hakuna anayejisumbua kuzibana.

Wenzangu wananiambia nikipunguza hadi maonyesho matatu kwa siku, wadogo ndio watakaokosa kuandikwa kabisa, maana hatutawaacha wenye majina. Hoja hiyo ina uzito, na sina jibu lake lote. Lakini kutoandikwa kunamwacha mtu alipokuwa. Nyota za mtu aliyesinzia zinamshusha, na msomaji hana njia ya kujua. Basi angalau tuandike chini ya kila uhakiki: hili lilikuwa la ngapi leo. Nimempelekea mhariri pendekezo hilo, akacheka.

Jana asubuhi nilimwona yule mwigizaji wa ndoo kwenye Royal Mile, barabara kuu ya mji mkongwe, koti la mvua hadi magotini, anagawa vipeperushi. Hakunitambua. Alinipa kimoja, kitupu bila nyota. "Saa moja tu," akasema, "na viti vipo."

Nimekata tiketi ya leo usiku kwa hela yangu. Ratiba ya mchana nimeifuta yote, mhariri amenuna, nami naenda kulala hadi saa kumi na moja.